Mboga Bila Mlio wa Kinu

Zuberi aliweza kumaliza kupika mboga wakati majirani zake bado wanapepea makaa. Siku moja nilimpima kwa saa yangu bila yeye kujua. Tangu mafuta yalipoingia kwenye karai hadi sahani ilipofunikwa, zilipita dakika tatu na nusu. Muda wake mrefu ulikwenda katika kukata. Karoti alizikata vijiti vyembamba, pilipili hoho mistari, kabichi nyuzi. Mchicha, ambao Kisangani wanauita biteku-teku, aliupangusa kwa kitambaa jani kwa jani, kwa sababu, alisema, jani lenye maji halikaangiki bali linachemka. Kila kitu kilikuwa na kisahani chake, na visahani vilipangwa kwa zamu ya kuingia motoni: tangawizi na kitunguu saumu, halafu vigumu, halafu laini, na majani mwisho kabisa, wakati mkono mwingine tayari unainua karai.

Nilikuwa nimepanga chumba uani kwake, mtaa wa Mangobo. Nilikuja kwa wiki moja nikakaa nne, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Nimekula mboga za namna hiyo Guangzhou, Maputo na katika mgahawa wa chini ya ngazi huko Marseille, na nasema bila kumpendelea kwamba za Zuberi zilikuwa bora, maana karoti yake ilibaki karoti na jani lake likabaki jani.

Alijifunza porini. Miaka tisa alikuwa msaidizi wa jikoni katika kambi ya watu waliokuwa wakitengeneza barabara, mbele ya Bengamisa, chini ya mpishi wa Kichina ambaye hakujua Kiswahili, wala Kilingala, wala Kifaransa. Mwalimu huyo alifundisha kwa kugonga ukingo wa karai kwa kijiko. Akigonga mara moja, leta vitunguu. Mara mbili, leta majani. Akigonga mfululizo, umechelewa. Kazi ilipokwisha Zuberi alirudi mjini akiwa na mikono ambayo hakuna aliyeihitaji. Kisangani mtu akitaka kula vizuri anataka pondu, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa hadi yasahau kwamba yalikuwa majani, yakiwa na mafuta mekundu ya mawese juu, na pembeni lituma, ndizi zilizotwangwa zikawa kitu kimoja. Mboga za dakika tatu waliziita chakula cha mtu aliyefukuzwa na mkewe.

Mkewe hakumfukuza. Naomie alikuwa mfanyabiashara wa mtoni. Alipeleka sabuni na vitenge hadi Basoko kwa mashua ya mbao, akarudi na mpunga na maharage. Watoto wao wawili walikuwa wakisoma Kindu, kwa ndugu za Zuberi. Kwa hiyo Naomie aliposafiri Zuberi alibaki peke yake, akapika anavyopenda, na mtaa ukacheka ukazoea.

Mwezi ule hakubaki peke yake. Wiki mbili kabla ya safari ya Naomie kwenda Basoko, mama yake mzazi, Mama Georgette, aliletwa kutoka Yanonge, kijiji cha wavuvi na wachuuzi kando ya mto, akiwa amepooza mkono wa kulia na mdomo umevutwa kidogo upande mmoja. Shinikizo la damu. Kwenye kituo cha afya muuguzi mmoja, Joëlle, alimchorea Naomie karatasi. Upande mmoja alichora vitu akavipiga msalaba: chumvi, kibe, kile kidonge cha chumvi cha kukoleza mchuzi, mafuta mekundu mengi, na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi wanaopendwa kila nyumba. Upande wa pili alichora majani na karoti, akaandika: nyingi, kila siku, zisipikwe sana. Akasema shambulio la pili halitaridhika na mkono.

Naomie alikaa hadi mzigo wake Basoko ukaanza kuoza. Ndipo akamwambia mumewe kwamba ataenda siku kumi, na kwamba mama atakula. Hakusema nani atapika. Zuberi naye hakuuliza, kwa sababu wote wawili walijua jibu na jibu lilikuwa la aibu.

Katika ukoo wa Mama Georgette, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali mmoja akimwona mwenzake. Hawasemezani moja kwa moja. Neno likiwa lazima, hupitia kwa mtu wa tatu. Zuberi, mtu wa Kindu, Mwislamu aliyeoa kwa watu wa mtoni, alikuwa ameshika adabu hiyo miaka kumi na saba bila kosa. Mama akitoka chumbani, yeye alizunguka nyuma ya nyumba. Kuhusu mama mkwe kula chakula kilichopikwa na mkono wa mkwe hapakuwa na sheria yoyote, kwa kuwa hakuna mzee aliyewahi kufikiri kwamba jambo hilo linaweza kutokea.

Akamtafuta Vicky, jirani aliyekuwa akisuka nywele barazani kwake, mjane mcheshi asiyejua kufunga mdomo. Walipatana hivi: Zuberi atapika, Vicky atabeba sahani na kusema kapika yeye.

“Tonton, miye nitachukua sifa na weye utachukua moshi,” Vicky alisema. “Bon. Nimekubali.”

Siku mbili mambo yalikwenda. Zuberi alikata kila kitu kidogo kuliko kawaida, kadiri ya ncha ya kidole, kwa sababu mama sasa alikula kwa mkono wa kushoto na aliona haya kumwaga. Sahani iliporudi aliipokea nyuma ya jikoni na kuichunguza: alihesabu karoti zilizobaki, akageuza majani kwa uma, akanionyesha ukingo uliofutwa kwa kijiko. Jioni ya pili sahani ilirudi tupu. Aliiosha mara mbili.

Siku ya tatu sahani ilirudi ilivyokwenda. Vicky, ambaye Mama Georgette alimwita koko, yaani bibi, aliiweka chini, akasimama mikono kiunoni.

“Koko anasema hakusikia kinu.”

Ilinichukua muda kuelewa, ingawa ningeweza kuelewa kwa masikio yangu. Kuanzia saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa unatwanga, pondu huku, ndizi kule, na mchi wa kila nyumba una mwendo wake. Mwanamke aliyelala kitandani akiangalia ukuta anajua nani anapika nini, nani amechelewa, nani ana hasira. Chakula kinajitangaza nusu saa kabla ya kufika. Kutoka uani kwetu kulitoka mlio wa kisu tu, mwembamba na wa haraka, halafu mafuta yakalia mara moja, halafu kimya. Kwa Vicky, upande wa pili wa uzio, hakukulia hata kisu. Mama Georgette alikuwa amelisikiliza hilo siku mbili.

Alimwambia Vicky kwamba kesho apike mbele yake.

Kesho yake kiti chake kilibebwa hadi mlangoni mwa jiko. Jiko lilikuwa kibanda cha mbao zenye nyufa. Zuberi alikuwa amekata kila kitu tangu alfajiri na kupanga visahani kwa zamu, kisha akasimama nje, nyuma ya mbao, mdomo karibu na ufa. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni, nikijifanya nasoma. Vicky alishika kijiko cha karai kama mtu aliyepewa usukani wa lori.

Mpango ulikuwa Zuberi anong’one. Alinong’ona: mafuta kidogo, ngoja yapate moto. Vicky hakungoja. Alinong’ona: saumu sasa, hesabu tano. Vicky alihesabu huku akimjibu Mama Georgette habari za mteja mmoja aliyesukwa akakimbia, na saumu ikaungua. Kisha, kwa kuona mama anamtazama mikono, aliogopa, akamimina visahani vyote kwa pamoja, majani na karoti na hoho, akafunika. Maji yakatoka. Niliona jicho la Zuberi kwenye ufa likifumba.

Hata hapo haikuwa vibaya sana. Mboga zilizochemka kwa maji yake si sumu. Lakini Mama Georgette aliinua mkono wake mzima, akaonyesha rafu.

“Na kibe, mwanangu? Nani anapika bila kibe?”

Vicky aligeuka kuangalia mbao, kisha akaniangalia mimi. Kama angesema hapana, angekuwa mwanamke wa kwanza Mangobo kupika hivyo, na uongo wake ungekwisha palepale. Akachukua kibe kimoja, akakivunja juu ya mboga. Mama akaonyesha tena, Vicky akaongeza cha pili.

Nikasema kwamba muuguzi alikataza. Nilitumia sauti yangu ya adabu, ile ninayotumia mipakani.

Mama Georgette hakunikasirikia. “Mugeni,” alisema, “weye umekula kwa nani asubuhi hii? Huko walikuuliza chumvi?” Halafu akamrudia Vicky, kwa kuwa mimi sikuwa na neno katika nyumba ile. Mwenye neno alikuwa nyuma ya mbao. Alikuwa ameinua kiganja, amekiweka kwenye ubao, tayari kuugonga. Akiugonga, mama atajua alikuwa hapo, akimwangalia usoni, na kwamba siku mbili amekula kwa mkono wake. Hatakula tena kitu chochote katika nyumba hiyo. Asipougonga, atakula chumvi. Kiganja kilikaa pale. Kisha kikashuka.

Mama Georgette alikula sahani yote. Akasema leo amekula chakula cha mtu.

Vicky alikuja nyuma kuomba msamaha. Alisema alitazamwa machoni akashindwa. Zuberi alimwambia si kitu na akaanza kusugua karai lililogandwa na saumu, lakini aliendelea kulisugua hata lilipokwisha kung’aa. Tangu siku hiyo mama alikataa sahani isiyopikwa mbele yake, na Vicky alikuwa na vichwa vya watu vinavyomsubiri. Siku aliyoweza kuja, kibe kiliingia. Siku asiyoweza, mama hakula.

Tulimpigia Naomie. Mashua yake ilikuwa imeharibika injini Basoko, na fundi alikuwa akisubiri kipuri ambacho naye hakujua kitatoka wapi. Naomie aliongea na mama yake kwa Kilokele, lugha yao ya mtoni, muda mrefu. Mama aliitika ndiyo, ndiyo mwanangu, akarudisha simu, akageukia ukuta. Sahani ilikuwa pale inapoa. Mboga zilizokaangwa haraka haziwezi kungoja. Zinalegea na kutoa maji, na ukizipasha moto tena unakuwa umepika kitu kingine. Zuberi alizitupa akakata nyingine. Siku hiyo alikata mara tatu.

Jioni alifanya jambo ambalo hakuwa amefanya miaka kumi na saba. Alisimama nje ya mlango wa mama mkwe, pembeni, asionekane, akaongea na ukuta. Alisema kwa Kiswahili safi cha Kindu, polepole, kwamba mpishi ni yeye tangu siku ya kwanza, kwamba anaomba radhi, na kwamba mama amtukane lakini ale.

Kisha Mama Georgette akaniita kwa jina, mimi niliyekuwa hatua tano kutoka hapo. Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani, mkono mfu mapajani, na alinipa maneno ya kupeleka. Nimewahi kutafsiri baharini, sokoni na mara moja mahakamani, lakini sikuwahi kubeba maneno ya Kiswahili kuyatia katika Kiswahili, kwa mtu ambaye ameyasikia yote kupitia ukuta wa matofali mabichi. Nilitoka nikayasema upya, kwa kuwa adabu ilitaka hivyo.

“Mwambie mwenye nyumba nilijua siku ya kwanza,” alikuwa amesema. “Vicky iko ananuka mafuta ya nywele, sahani ile haikunuka. Nilikula juu ya njaa. Siku ya pili nilikula juu iko tamu. Siku ya tatu nikajikuta ninasikiliza kisu. Ninangoja. Mama muzima, ninangojea mukono ya bwana ya mutoto yangu sawa mutoto ya kunyonya. Angepika vibaya ningekula sawa dawa. Mwambie ile ndiyo inaniua, si presha.”

Zuberi alisikiliza mara ya pili kutoka kwangu yale aliyosikia mara ya kwanza kutoka kwake. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama nadhani akipika vibaya mama atakula.

Asubuhi alijaribu. Nilimwona mtu aliyejitahidi kwa uaminifu kuharibu. Aliacha majani na maji yake, akatia kila kitu kwenye karai baridi, akafunika, akaondoka, akazunguka nyumba. Lakini mikono ilikuwa na mazoea yake. Alirudi mapema mno, akafunua, akageuza mara moja, na karoti zikapona. Niliipeleka mimi mwenyewe. Mama Georgette alionja, akafunga macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka, upande mmoja wa mdomo.

“Hata kuharibu anaharibu kwa akili,” alisema. Alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini, akaniomba nimpigie ndugu yake.

Alphonse, mdogo wake, alifika kutoka Yanonge baada ya siku mbili na mtumbwi wa injini. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye kofia ya kitambaa. Alimkumbatia Zuberi, akamwambia hakuna ubaya, mgonjwa hupona haraka akisikia sauti za watu wake. Kule kuna wake wa wanawe wanne na vinu vinne. Zuberi alijaribu kumweleza. Alileta karatasi ya Joëlle, akaonyesha misalaba mmoja mmoja. Alionyesha jinsi ya kukata, jinsi ya kukausha jani, akasema moto uwe mkali na muda uwe mfupi. Alphonse alisikiliza kwa heshima yote. Alikunja karatasi akaitia ndani ya kofia, akavaa kofia.

“Mukwe,” alisema, “majani kule kwetu iko mengi kuliko watu. Usiumize kichwa.”

Asubuhi ya safari Zuberi alipika, nami nikapeleka. Mama alikula kidogo, sikuhesabu. Vicky alimsuka haraka haraka ili asifike nyumbani na kichwa cha hospitali, akimtania kwamba sasa ataolewa upya huko. Alipotoka hakumtazama Zuberi.

Ufukweni Zuberi hakuweza kusogea karibu. Mama mkwe alikuwa anabebwa na wapwa wawili, nguo zikipanda magotini, na si halali kwa mkwe kuona hivyo. Alisimama juu, kando ya ukuta wa ghala la zamani, akiangalia upande wa mji. Ilibidi mimi nimsimulie. Nilimwambia amekalishwa katikati, chini ya turubai. Nilimwambia amepewa mto. Nilimwambia Alphonse anapakia vitu: mafuta ya taa, misumari, gunia la chumvi ya duka, na furushi la makayabu lililofungwa kwa kamba, kwa maana mtu hatoki Kisangani mikono mitupu. Furushi waliliweka kando ya mama, na mama akalaza mkono wake uliokufa juu yake, kama juu ya paka.

Zuberi aliniomba nishuke.

Nilishuka. Nilimwambia Alphonse habari za makayabu kwa Kiswahili, kisha kwa Kilingala, kisha kwa Kifaransa, nikidhani kwamba pengine kosa ni la lugha. Alikubaliana nami katika lugha zote tatu. Alisema samaki hao ni wa nyumba, si wa mgonjwa. Nikamuuliza mgonjwa atapikiwa sufuria yake peke yake? Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyezoea kula peke yake hotelini. Mama Georgette alikuwa akitazama maji. Mngurumo wa kwanza wa injini ukafuta lililobaki.

Nilipanda tena. Zuberi hakugeuka, kwa sababu mtumbwi ulikuwa bado karibu, nyuso zikionekana.

“Amesema nini?”

Nikamwambia.

“Ni ngapi? Samaki.”

Nikasema sita, pengine saba, wakubwa.

Alifikiri. Niliona anafanya hesabu ya mpishi, watu wa nyumba ile, sufuria, siku.

“Wakiloweka kutwa nzima,” alisema, “na kumwaga maji mara mbili, chumvi inapungua. Si yote. Lakini inapungua.”

“Watamwaga?”

“Hapana,” Zuberi alisema. “Ile maji ndiyo wanapikia pondu.”